Kiti cha Wifi na Kifua cha Mama Makochi

Kwanza tuelewane: kifuani mwa Mama Makochi hamkuwa na bati. Mtaa mzima ulisema bati, mumewe alisema bati, yeye mwenyewe alisema bati, na mtu akimgonga kifuani kwa bahati mbaya alikuwa anamwambia, "Angalia, utaumia wewe." Lakini bati halikuwamo. Kulikuwa na wavu mgumu wa plastiki, na saruji ya mifupa iliyofinyangwa ikafuata umbo la mbavu, na juu yake kipande cha msuli wa mgongoni kilichozungushwa mbele kupitia kwapani. Miaka kumi na tisa nyuma uvimbe uliota kwenye mbavu zake za kushoto. Daktari mmoja mrefu, mpole, mwenye vidole vya mpiga kinanda, aliukata wote pamoja na mbavu nne, kisha akamjengea ukuta mpya wa kifua. Uvimbe haukurudi, na mama akarudi karakana.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati (hilo sasa ndilo bati la kweli), na humo ndani kuna harufu ya gundi na mbao mpya. Mama Makochi anatengeneza makochi na viti vya sebuleni, na anafufua vilivyokufa. Kazi alifundishwa na mjomba wake, mtu mkali kuliko pilipili, na katika yote aliyomfundisha lipo moja ambalo hajawahi kulivunja: fundi hafuniki fremu kabla hajaandika. Unachukua penseli nene ya seremala, unaandika kwenye mbao ya ndani, mahali ambapo mwenye kochi hataona maisha yake yote: tarehe, ulichoweka ndani tabaka kwa tabaka, ulichokuta kimevunjika, na wapi msumari usipigwe. Ndiyo maana kila anapofungua kochi kuukuu, jambo la kwanza ni kuinama na kusoma.

"Fundi atakayekuja baada yako si adui yako," mjomba alikuwa anasema, "hata kama ni adui yako."

Na adui alikuwepo, jamani, wala si mbali. Mtaa wa pili kulikuwa na fundi mwingine ambaye Mama Makochi alimbandika jina la Fundi Misumari, na jina likaganda kiasi kwamba hata mke wa yule bwana alilitumia. "Yule hashoni kochi," alikuwa anawaambia wateja, "yule analisulubu." Alisema hayo asubuhi, mchana na wakati wa chai, na wateja waaminifu walimfikishia mwenyewe neno kwa neno.

Sasa maumivu. Yalianza kidogo kidogo, miaka miwili nyuma. Mama akivuta mikanda ya kiti kwa nguvu ili aipigilie, anasikia kitu kinambana kifuani, kinapanda mpaka taya, kinashuka mkono wa kushoto. Akipumzika, kinaondoka. "Bati hilo," anasema. Siku ya baridi kikibana zaidi, anasema bati limepata baridi. Mumewe, mstaafu wa posta, mtu wa maneno machache na suruali zilizonyooshwa vizuri, akawa anamchua kila jioni kwa dawa ya kuchua. Miaka miwili mizima wakalipaka dawa bati ambalo halipo, kwa kosa ambalo halikulifanya.

Mpaka asubuhi moja akakaa. Alikaa juu ya kochi la mteja ambalo halijawekwa hata sponji, springi tupu, na hakuinuka. Mteja alikuwa amesimama palepale. Akadhani fundi anapima springi, akasema, "Naona ziko imara, mama." Mama Makochi jasho linamtiririka, midomo imepauka, hawezi hata kumjibu kwamba ziko imara kweli. Mume alipotokeza mlangoni na kumwona, aliangusha chupa ya chai aliyoibeba, na mtu yule hajawahi kuangusha kitu.

Hospitalini wakakuta kwamba bati lilisingiziwa. Ulikuwa ni moyo. Mishipa mitatu inayoulisha moyo damu ilikuwa imeziba karibu yote, na mmoja kati yao ndio ule mkubwa wa kushoto. Kuipanua kwa kijiwaya kusingetosha. Ilitakiwa kifua kifunguliwe, uchukuliwe mshipa mguuni, damu itengenezewe njia mpya za kupita pembeni ya palipoziba. Upasuaji unaofahamika, walimwambia, watu wanafanyiwa kila siku. Kisha daktari wa kwanza akafungua vifungo vya gauni lake, akaona kovu, akagusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, mbona kifua hiki kimeshajengwa?"

"Ndiyo, na kimejengwa vizuri."

Wakampeleka hospitali kubwa zaidi, kwa daktari bingwa wa moyo, mwanamke mfupi mwenye kusema haraka haraka na miwani juu ya kichwa ambayo aliitafuta kila mara. Mama Makochi akampenda palepale, kwa sababu yule daktari hakumwangalia usoni kwanza, aliangalia kovu, akalifuata kwa kidole kuanzia kifuani mpaka kwapani na kuzunguka mgongoni, akasema polepole, "Ukiona vyaelea, vimeundwa. Huyu alikuwa fundi."

Lakini habari aliyompa haikuwa nzuri, naye hakuizungusha.

"Mama, kwa kawaida nakata mfupa wa kidari katikati kwa msumeno mdogo. Kwa kawaida najua kilichopo nyuma ya mfupa. Kwako wewe nyuma kuna wavu na saruji, na nyuma ya wavu, kwenye picha zangu, kuna kivuli tu. Kama yule daktari aliweka kitu katikati ya wavu na moyo, nina nafasi ya kupita. Kama hakuweka, basi moyo wako umegandana na wavu miaka kumi na tisa, na msumeno wangu utaingia ndani ya moyo kabla sijauona. Nahitaji kujua alifanya nini."

"Si yamo kwenye faili?"

Faili halikuwepo. Hospitali ile ya zamani paa lilivuja, makaratasi yakaoza, yakatupwa. Daktari mrefu mwenyewe alishafariki, Mungu amrehemu.

"Na usipojua?"

"Sitakufungua. Nitakupa dawa."

"Na dawa zitanifikisha wapi?"

Daktari akaishusha miwani, akaivaa, akamtazama sawasawa. "Mwaka, mama. Labda usiishe."

Mume akashika ukingo wa meza. Mama Makochi naye, mnajua alifanya nini? Alikasirika. Hakumkasirikia daktari, maana daktari alisema kile ambacho yeye mwenyewe angesema. Mara ngapi amewaambia wateja, "Hili lilishafunguliwa na mtu mwingine, silichani mpaka nijue alificha nini ndani"? Alikasirikia paa lililovuja. Alikasirikia watu wanaoacha kazi ya mtu ioze sakafuni. Akawa anafoka hivyo, mkono umeshika kifua, mara akamgeukia mumewe katikati ya neno.

"Mume wangu," akasema, "mimi si niliandika!"

Aliandika kweli. Wodini, miaka ile, alimsumbua yule daktari mrefu siku tatu mfululizo: nieleze ulichoniwekea, tabaka kwa tabaka. Mwisho daktari akacheka, akakaa kwenye ncha ya kitanda, akamtajia kimoja kimoja polepole, naye akanakili nyuma ya bahasha ya vidonge. Aliporudi nyumbani, kiti cha kwanza alichotengeneza ili kujaribu kama mikono inafanya kazi kilikuwa kiti cha mtu mmoja, chenye mgongo mrefu. Ulipofika wakati wa kuandika kwenye mbao ya ndani, akachukua ile bahasha, akaandika habari za kifua chake badala ya habari za kiti. Akiulizwa kwa nini, anasema tu kwamba yeye na kiti walikuwa wametoka kwa fundi wiki zilezile. Bahasha ilipotea siku nyingi.

"Kiti kiko wapi?" daktari akauliza.

Mume na mke wakatazamana. Mume ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo sana.

"Kwa dada yangu."

Hapo inabidi nieleze, maana kile kiti kilikuwa na historia. Wakati Mama Makochi bado anakwenda kliniki kufunguliwa nyuzi, mume alimwonea huruma dada yake mkubwa, mwenye mgongo mbovu, akampa kile kiti. Hakuuliza. Mama akarudi kutoka kliniki, akakuta pengo sebuleni. Toka siku ile yeye na wifi yake walikuwa na vita vya heshima, vile vya "karibu wifi" na "asante wifi", meno nje, moyo umefungwa kufuli. Na wifi kile kiti alikipenda kuliko anavyopaswa mtu kupenda kiti. Mwingine hakai. Wageni walielekezwa kwenye mkeka.

Wakaenda kesho yake. Mama alitembea kwa vituo, mume kambebea mkoba. Wifi aliwapokea vizuri, akasikiliza habari zote za moyo, za wavu, za kivuli, mkono mdomoni, "Masikini, wifi yangu, masikini." Alikuwa amekaa palepale kwenye kiti. Waliposema kwamba inabidi kifunguliwe, alikishika mikono yote miwili.

"Hapana."

"Dada," mume akaanza.

"Mshipa si mnautaka wa mguuni? Chukueni wangu! Chukueni miguu yote miwili. Kiti hiki hakifunguliwi."

"Nitakurudishia kizuri kuliko kilivyo, wifi. Kitambaa utachagua mwenyewe."

"Sitaki. Muulizeni mwingine. Mbona viti viko vingi?"

"Lakini nimeandika kwenye hicho, wifi! Sikuandika kwenye viti vyote vya dunia!"

Hapo mume, ambaye ndani ya miaka thelathini na tano ya ndoa hajawahi kumpandishia mtu sauti, akasimama. "Dada, mke wangu anakufa!" Alisema hivyo tu, kisha akakaa. Wifi akaanza kulia, lakini hakuondoka kitini. Alilia na kukishikilia.

Mama Makochi hakuelewa. Uchoyo anaujua, huu haukuwa uchoyo. Akawa anamwangalia wifi, na kwa vile macho ya fundi hayana likizo, yakateremka yenyewe mpaka kwenye kona ya kiti, pale kitambaa kinapokunjwa. Mkunjo haukuwa wake. Akainama, taratibu, akapitisha vidole chini ya ukingo. Msumari. Msumari. Msumari. Msumari, na mwingine kando yake kama vile alipiga mtu aliyekuwa akiona usingizi.

"Wifi," akasema, "nani alifunga kiti hiki?"

Wifi akajifunika uso kwa mtandio. Kutoka ndani ya mtandio ikatoka sauti ndogo, ya mtoto aliyevunja sahani. Kiti kilichanika miaka sita iliyopita. Wakati huo walikuwa hawasemezani, kwa sababu ya ugomvi wa sare za harusi. Akaona aibu kukipeleka kwa mwenyewe. Akakipeleka kwa yule mwingine.

"Kwa Fundi Misumari!"

"Nilijua utasema hivyo! Miaka sita nakalia kiti hiki nikikuona unakuja nafunika kona kwa kitambaa. Nikasema siku akigundua, atanicheka mpaka kaburini."

"Wifi, kaburini ningekwenda mimi!"

"Najua! Najua, ndiyo maana nalia!"

Mficha uchi hazai, wanasema, na wifi alikuwa ameuficha kwa miaka sita. Mama Makochi angeweza kumchamba mpaka jua lizame, na maneno alikuwa nayo, mazuri, yamejipanga mdomoni. Lakini hofu nyingine ilikuwa imemshika, baridi kuliko ile ya kwanza. Mafundi wa haraka hawasomi mbao. Wanapiga randa, wanasugua kwa msasa, wanapaka gundi juu. Kama Misumari alifanya hivyo, mambo yamekwisha.

"Tukifungue tuone," akasema.

Yeye mwenyewe alikatazwa hata kuinua nyundo. Mume akajaribu, akakunja msumari wa kwanza na kidole chake mwenyewe. Ndipo wifi akafuta machozi, akafunga mtandio kiunoni, akatoka. Baada ya muda si mrefu akarudi na Fundi Misumari, bwana mnene, mkimya, mwenye boksi la vifaa lililofungwa kwa kamba. Akaona Mama Makochi amekaa pale. Akasalimia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi." Mara ya kwanza kumwita fundi, na likamkwama kooni kama mfupa wa samaki.

Akapiga magoti, akaanza kung'oa. Alikuwa na misumari mingi, hilo ni kweli, lakini Mama Makochi aliona anavyoing'oa: mmoja mmoja, bila kuchana uzi, na kila mmoja anauweka ndani ya kofia yake. Hakuharibu hata ncha ya kitambaa. Akavua kitambaa, akakikunja. Akainua sponji. Chini ya sponji kulikuwa na kipande cha shuka safi, kimebanwa pembe nne, na alipokifunua, mbao ikaonekana.

Maandishi yalikuwepo. Penseli imefifia kidogo, lakini yanasomeka yote. Chini yake kulikuwa na mwandiko mwingine, wa mkono mzito, wenye tarehe ya miaka sita iliyopita: *Nimekuta maneno ya fundi wa kwanza. Maana yake siijui. Sijayagusa. Nimeyafunika shuka yasichakae.*

Halafu Fundi Misumari akakohoa.

"Samahani, mama. Nilivyosoma mbavu na nyama na mafuta, nilidhani ni kiti cha mganga."

Wifi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa mlio, machozi bado yako mashavuni, kisha mume, kisha Fundi mwenyewe akitikisa tumbo, na Mama Makochi akawa anasema, "Msinichekeshe, moyo, moyo wangu, msinichekeshe," huku amejishika kifua na anacheka. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Alimshika yule bwana mkono.

"Fundi, mimi nimekutukana miaka mingi."

"Najua, mama. Wateja hunifikishia."

"Misumari ni mingi, lakini. Hilo siliondoi."

"Kiti cha mtu mzito, mama. Kitambaa kisingetulia," akasema, na wifi akaacha kucheka.

Mume alipiga picha ile mbao kwa simu, mara nne, ili asikose hata neno. Daktari mfupi alisoma ofisini kwake, kwa sauti, miwani imekaa puani safari hii:

*Kifua changu. Mbavu nne za kushoto hazipo. Mshipa wa nyuma ya mbavu hizo umefungwa. Nje: msuli wa mgongoni, damu yake inatoka kwapani. Katikati: saruji na wavu. Ndani: mafuta ya tumboni, yamepandishwa juu na kuwekwa kati ya wavu na moyo kama pamba, ili visishikane. Mshipa unaolisha mafuta hayo unapanda kulia, chini ya ncha ya kidari. Usipige msumari hapo.*

Akairudia ile sentensi ya mwisho.

"Mama, mimi ningepiga msumari palepale," akasema. "Ndipo ninapoanzia siku zote."

Hakuamini mbao peke yake, na alisema wazi. Penseli haitoshi kumfungua mtu kifua. Lakini sasa alijua atafute nini na wapi. Akaagiza picha nyingine, yenye dawa ya kung'arisha mishipa, na kamera ikaelekezwa kulia, chini ya ncha ya kidari. Ule mshipa ulikuwepo, mwembamba, unapanda kama ulivyoandikwa. Na kile kivuli, alipokitazama upya akijua anatazama nini, kilikuwa mafuta, yenye unene wa kidole kimoja.

"Jumanne," akasema daktari.

Jumanne asubuhi Mama Makochi aliogopa. Tusijifanye. Alikuwa na miaka sitini na mbili, alishafunguliwa mara moja, alijua sakafu ya chumba kile ina baridi gani. Alilala kwenye kitanda cha magurudumu akiangalia dari ikipita, na upande wa miguuni alisikia wifi akigombana na nesi.

"Mwisho hapa, mama. Ndugu hawapiti."

"Mimi si ndugu, mimi ni wifi yake!"

"Basi hata wewe."

Wifi akainama haraka, akamnong'oneza sikioni, "Usipotoka humo, mimi nitakalia nini?" Akaona amekosea, akajaribu tena. "Nina maana, nitaishije, wifi. Rudi." Mama Makochi akamminya vidole. Kisha milango, kisha taa, kisha mtu wa nusukaputi akimwambia ahesabu, naye akafika tano.

Yaliyofuata alisimuliwa baadaye na daktari mwenyewe, kwa haraka haraka yake. Walianzia pembeni, kushoto ya ule mshipa mwembamba, wakauacha salama. Walikata mfupa na saruji kwa subira, kidogo kidogo. Nyuma ya wavu walikuta yale mafuta, laini, ya manjano, yana damu nzuri, na yalipotengwa taratibu moyo ukaonekana chini yake ukipiga, haujashikana na kitu. Chumba kizima, alisema daktari, kilivuta pumzi. Wakashona njia tatu mpya, mbili kwa mshipa wa mguuni na moja kwa mshipa wa nyuma ya mbavu za kulia ambao haukuwa umeguswa. Mafuta wakayarudisha mahali pake. Wakafunga. Ilichukua saa saba, na mume alizitumia zote akiwa amesimama, kwa sababu, alisema, kila kiti kilichokuwepo kilimtia wasiwasi.

Aliamka na bomba mdomoni na kiu ya jangwa. Siku ya pili bomba likatoka. Siku ya tatu wakamkalisha, wakampa mto wa kukumbatia kila anapotaka kukohoa ili mfupa usitikisike, na neno lake la kwanza refu lilikuwa kuhusu ule mto: kwamba aliyeujaza pamba alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Nesi akaenda kumwambia daktari kwamba mgonjwa amepona.

Siku ya saba akaja mama wa mazoezi ya viungo, mwenye filimbi shingoni ambayo hakuna aliyemsikia akiipiga. "Leo ngazi," akasema. "Ngazi kumi na sita. Ukizipanda, unakwenda nyumbani. Ukichoka, unasimama, hakuna aibu." Mume akabaki juu kumpokea. Wifi, aliyekuja kila siku na chupa ya chai na kila siku akafukuzwa saa ya kufunga wodi, akasema atapanda nyuma yake ili akianguka amwangukie yeye.

"Wewe mwenye mgongo mbovu?"

"Panda, wifi. Acha maneno."

Akapanda. Mkono mmoja kwenye reli, mwingine umekumbatia mto. Ngazi ya tatu akasubiri. Ya sita akasubiri tena, masikio yote yako kifuani, akingoja kile kitu kilichomwandama miaka miwili kianze kubana, kipande mpaka taya, kishuke mkono. Ya tisa. Kifua kiliuma, ndiyo, uchungu wa mfupa uliokatwa na nyuzi mbichi, lakini ni uchungu wa nje, wa kidonda kinachopona. Ndani palikuwa kimya. Hewa iliingia, ikafika chini kabisa, ikatoka. Kwa miaka miwili alikuwa amesahau kwamba hewa inafika chini vile. Ya kumi na mbili akaanza kulia, akaendelea kupanda akilia, na mume pale juu, suruali imenyooka, naye analia, anamnyooshea mikono yote miwili.

Ya kumi na sita. Mume akamshika. Mama wa mazoezi akaandika kwenye karatasi yake.

Ndipo Mama Makochi akageuka nyuma, akamwona wifi amekwama kwenye ngazi ya saba. Amekaa chini kabisa, mkono mgongoni, anahema, mtandio umemdondoka, uso umejaa aibu na furaha vimechanganyika.

"Nendeni tu," wifi akasema. "Mimi nakuja. Nitakuja polepole."

Mama Makochi akamwachia mume ule mto. Mama wa mazoezi akasema, "Mama, inatosha kwa leo," lakini tayari alikuwa ameshika reli. Akashuka moja. Akashuka nyingine. Akashuka zote tisa mpaka alipokuwa amekaa wifi yake, akampa mkono.

"Inuka, wifi," akasema. "Nina pumzi ya kututosha wawili."